Mstari Uliobakizwa: Uhakiki wa Chapa ya Zarina, Dividing Line (2001)

Ikisiri

Makala haya yanahakiki Dividing Line, yaani mstari wa kugawa, chapa ya ubao iliyotolewa mwaka 2001 na msanii Zarina (1937–2020). Chapa hiyo ina mstari mmoja mweusi juu ya karatasi ya India iliyotengenezwa kwa mkono, na mstari wenyewe unafuata mpaka wa India na Pakistan. Kazi ya namna hii huelekea kusomwa kwa njia mbili: kama umbo tupu la mkondo wa uchache, au kama kielelezo cha wasifu wa msanii. Makala yanadai kwamba njia zote mbili hazitoshi. Maana ya kazi hii imo katika namna ilivyotengenezwa: juu ya ubao, mstari umepatikana kwa kuiondoa ardhi ya pande zote mbili, juu ya karatasi, ardhi hiyo imebaki moja. Uhakiki unajengwa juu ya mgongano huo.

1.0 Utangulizi

Mtu anayesimama mbele ya Dividing Line kwa mara ya kwanza haoni mengi. Ndani ya mstatili wa karatasi yenye rangi ya krimu, mstari mnene mweusi unashuka kutoka juu, unapinda, unajikunja, kisha unaendelea kushuka. Hakuna jina la mji wala la mto. Hakuna dira, hakuna kipimo cha umbali, hakuna rangi ya pili. Sehemu iliyochapwa ina ukubwa wa takribani sentimita 41 kwa 33, nayo imebandikwa juu ya karatasi nyeupe nzito ya Arches yenye ukubwa wa takribani sentimita 65 kwa 50. Toleo zima lina nakala 20.

Mstari huo ni mpaka uliotokana na Mgawanyo wa India wa mwaka 1947, tukio lililowahamisha watu zaidi ya milioni 10 na kuwaua watu wengi kiasi kwamba makadirio ya wanahistoria huanzia laki kadhaa na kufika milioni mbili. Hapo ndipo linapozuka swali la makala haya. Je, kitu kichache kiasi hiki kinaweza kubeba tukio la ukubwa huo? Na kama kinaweza, kinalibeba kwa sababu mtazamaji amesimuliwa maisha ya msanii, au kwa sababu ya jambo lililomo ndani ya chapa yenyewe?

Swali hili si dogo. Ikiwa uzito wa kazi unatoka katika wasifu pekee, basi chapa ni tanbihi ya maisha ya mtu, na mhakiki hana kazi zaidi ya kusimulia. Ikiwa uzito huo haumo kabisa, basi karatasi nzuri na mstari mzuri vinalipamba janga. Ili kuyakwepa majibu hayo mawili, ni lazima kuonyesha hoja ambayo chapa inaitoa kwa vifaa vyake yenyewe: ubao, patasi, wino na karatasi.

2.0 Msanii na Usuli wa Mpaka

Zarina, ambaye katika kazi yake alipendelea kutumia jina hilo moja, alizaliwa Aligarh, kaskazini mwa India, mwaka 1937. Baba yake alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, na yeye mwenyewe alihitimu shahada ya hisabati mjini humo mwaka 1958. Uchapaji alijifunza katika miji kadhaa: Bangkok, Paris, katika karakana ya Atelier 17 chini ya Stanley William Hayter, na Tokyo, katika karakana ya Toshi Yoshida. Tangu miaka ya 1970 alifanya makazi yake New York. Mwaka 2011 alikuwa miongoni mwa wasanii wa banda la India katika maonyesho ya Venice, na mwaka 2012 maonyesho makubwa ya kazi zake, Paper Like Skin, yalianzia katika Makumbusho ya Hammer, Los Angeles. Alifariki London mwezi Aprili 2020.

Mwaka 1947 alikuwa mtoto wa miaka 10. Familia yake haikuhama kwa kudumu mwaka huo. Wazazi wake walihamia Karachi mwaka 1959, wakati yeye alikwisha kuolewa na kuanza maisha ya kuhama nchi moja hadi nyingine. Jambo hili lina maana kwa uhakiki: mpaka haukumjia Zarina kama safari moja ya kutisha, bali kama hali iliyoendelea kufanya kazi miaka mingi baada ya kuchorwa, ikamtenga na nyumba ambayo yeye mwenyewe hakufukuzwa.

Mpaka wenyewe ulichorwa kwa haraka. Cyril Radcliffe, mwanasheria wa Uingereza ambaye hakuwa amewahi kufika India, aliwasili tarehe 8 Julai 1947 kuongoza tume mbili, ya Punjab na ya Bengal. Uamuzi wake ulitangazwa tarehe 17 Agosti, siku mbili baada ya India kuwa huru. Kwa siku hizo mbili, kulikuwa na watu walioamka katika nchi mpya pasipo kujua ni ipi.

3.0 Uchache na Mipaka ya Neno Hilo

Wepesi wa umbo katika kazi za Zarina humfanya mhakiki aziweke karibu na mkondo wa uchache uliostawi New York katika miaka ya 1960. Mkondo huo, kama ulivyotetewa na Donald Judd katika maandishi yake ya mwaka 1965, ulitaka kazi ya sanaa iwe kitu chenyewe: isiigize ulimwengu, isisimulie, isimpeleke mtazamaji kwingine. Rosalind Krauss, katika makala yake ya mwaka 1979 kuhusu umbo la gridi, alionyesha jinsi mistari iliyopangwa kwa vipimo sawa ilivyoifungia sanaa ya kisasa mlango dhidi ya masimulizi na maumbile.

Ukilinganisha, tofauti zinajitokeza mara moja. Mstari wa mkondo huo ni mnyoofu, hurudiwa, na mara nyingi umetengenezwa kwa namna inayouficha mkono wa binadamu. Masanduku ya chuma ya Judd yalitengenezwa na mafundi wa kiwandani. Mstari wa Dividing Line haujanyooka mahali popote. Haurudiwi. Umechongwa kwa mkono, na mkono huo unaonekana. Zaidi ya yote, haukubuniwa na msanii. Ulikwisha kuwapo duniani kabla ya kufika kwenye ubao, ukiwa na vituo vya forodha, doria na makaburi.

Kwa hiyo uchache hapa hautokani na nia ya kuifungia historia mlango. Ni mabaki ya historia yenyewe. Mtu akiiondoa miji, mito, majina ya majimbo na watu kutoka katika ramani ya eneo lile, kitakachobaki ni mstari, na ndivyo hasa ramani ya mwaka 1947 ilivyofanya kabla ya msanii yeyote. Zarina hakuipunguza ramani hadi kufikia umbo. Alionyesha kwamba ramani ya kugawa nchi ilikuwa tayari ni upunguzaji.

4.0 Ubao: Mstari kwa Njia ya Kuondoa

Hoja kuu ya makala haya inategemea jambo la kiufundi. Katika chapa ya ubao, wino hupakwa kwa rola juu ya sehemu iliyobaki juu. Kilichochimbwa hakipati wino, na kwenye karatasi hubaki kitupu. Mchongaji anayetaka mstari mweupe juu ya weusi ana kazi nyepesi: hupitisha patasi mara moja katika njia ya mstari. Anayetaka mstari mweusi juu ya eneo tupu hana budi kuuacha mstari ulivyo na kuondoa mbao zote zilizouzunguka. Msomaji anayejua milango ya nakshi ya Unguja au Lamu anaielewa kanuni hii: ua linaloonekana limetokeza juu ya ubao halikuongezwa, ni ubao wa kandokando ndio ulioshushwa.

Zarina alichagua njia ya pili. Matokeo yake ni kwamba mstari wa mpaka ndio sehemu pekee ya ubao ambayo patasi haikukusudia kuigusa. Kilichochimbwa, kipande kwa kipande, ni India upande mmoja na Pakistan upande wa pili. Radcliffe alifanya kazi kwa kalamu, na kalamu huongeza: huchukua karatasi nzima na kuweka juu yake kitu ambacho hakikuwapo. Patasi haiongezi chochote. Inaurejesha mpaka katika gharama yake, kwa kuwa kila sentimita ya mstari imelipiwa kwa ubao uliofukuliwa kushoto na kulia. Hapo chapa inasema jambo ambalo picha ya wakimbizi isingeweza kulisema kwa njia hiyo hiyo: mpaka ni kile kinachoachwa kimesimama baada ya mahali kuangamizwa.

Hoja hii inathibitishwa na alama zilizobaki. Eneo linaloizunguka njia ya mstari si safi. Kuna vijistari vifupi na madoa ya wino vilivyotokana na kingo za ubao ambazo patasi haikuzifikia chini kabisa. Mchapaji anayetaka usafi huzichimba kingo hizo zaidi, au huufuta wino kabla ya kuchapa. Zarina, aliyekuwa na ujuzi wa miongo kadhaa, aliziacha. Kwa macho ya mtazamaji huonekana kama nyayo, au kama mashamba yanayotazamwa kutoka juu, lakini si lazima kuzipa sura ya kitu chochote. Inatosha kuzisoma kwa jinsi zilivyo: ni ushahidi kwamba kuondoa hakukamiliki. Mahali palipofukuliwa panaendelea kuacha wino.

Kuna jambo jingine linalofichwa na chapa iliyokamilika. Ubao huchapa kinyume, kama kioo. Ili mpaka uonekane sawasawa kwenye karatasi, ulibidi uchongwe ukiwa umegeuzwa, Pakistan ikiwa mkono wa kulia na India mkono wa kushoto. Katika muda wote wa kuchonga, nchi hizi mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi mbele ya msanii. Makala haya hayadai kwamba kinyume hicho ni ishara iliyokusudiwa. Ni sharti la ufundi. Hata hivyo, sharti hilo linaeleza kwa nini mkono unaochonga hauwezi kuichukulia pande yoyote kuwa ya kwake na nyingine kuwa ya wageni.

5.0 Karatasi: Ardhi Isiyogawanyika

Karatasi ya kutengenezwa kwa mkono hupatikana kwa kuziloweka na kuziponda nyuzi za mmea au za nguo kuukuu hadi ziwe rojo, kisha rojo hiyo hutiwa katika chombo chenye maji na kuchotwa kwa fremu yenye wavu. Maji hutiririka, nyuzi hubaki zimelala zikipishana kila upande, na tabaka hilo hukamuliwa na kukaushwa. Nchini India, kazi hii inajulikana hasa Sanganer, karibu na Jaipur, ambako watengenezaji wa jamii ya Kagzi wamebeba jina la karatasi yenyewe na ambako vipande vya pamba vimekuwa malighafi kwa muda mrefu. Zarina aliijua karatasi si kama kitu cha kununua tu: alifundisha utengenezaji wake New York, na katika miaka ya 1980 alifinyanga kazi nzima kwa rojo ya karatasi.

Karatasi ya namna hii ina mambo mawili yanayohusu uhakiki huu. Kwanza, haina uso ulio sawa kama karatasi ya mashine. Hunywa wino kwa viwango tofauti, hivyo weusi wa mstari haufanani na weusi wa rangi iliyopakwa. Umeingia ndani ya nyuzi. Pili, nyuzi hazina mwelekeo mmoja. Zinapita chini ya mstari mweusi kutoka upande mmoja hadi wa pili, na mstari hauzikati.

Hapo ndipo karatasi inapoukana ubao. Juu ya ubao, pande mbili zimechimbwa na mstari umesimama peke yake. Juu ya karatasi, pande mbili ni jani moja lisilo na mpasuko, na mstari ni wino uliolala juu yake. Ubao unasimulia uharibifu. Karatasi inashuhudia kwamba kilichogawanywa bado ni kitu kimoja. Chapa haiwezi kupatikana bila vyote viwili, na haimwambii mtazamaji ni ushahidi upi auamini zaidi. Hii ndiyo sababu Dividing Line haiwi hotuba ya umoja wala maombolezo matupu. Anayetaka kuamini kwamba mpaka haukubadilisha kitu anakanushwa na alama za patasi. Anayetaka kuamini kwamba mpaka ulitenganisha watu wawili waliokuwa tayari tofauti anakanushwa na karatasi.

6.0 Mstari kama Hati

Kazi nyingine za Zarina zina maandishi ya Kiurdu, lugha aliyoihesabu kuwa makazi yake. Home is a Foreign Place (1999) ina chapa 36, kila moja ikiambatana na neno moja la Kiurdu. Letters from Home (2004) imejengwa juu ya barua za dada yake, Rani, ambazo hazikutumwa wakati zilipoandikwa. Juu ya mwandiko huo msanii aliweka ramani na michoro ya nyumba. Katika Dividing Line neno halimo kabisa. Je, Kiurdu kimetoweka?

Jibu linaweza kupatikana katika neno khat. Katika Kiarabu, neno hilo lina maana ya mstari na ya mwandiko. Katika Kiurdu linabeba maana hizo na pia maana ya barua. Kiswahili kimelipokea neno hilo hilo kwa sura ya hati, kikiliacha liseme juu ya mwandiko na juu ya waraka wenye nguvu ya kisheria, kama ilivyo katika hati ya nyumba au hatimiliki ya shamba. Msomaji wa Kiswahili kwa hiyo ana njia ya kuingilia kazi hii ambayo wahakiki wa lugha nyingine hawana budi kuitafuta. Mstari wa Radcliffe ulikuwa hati kabla haujawa mpaka: maelezo ya maandishi yaliyotaja mito, wilaya na vijiji, yakifuatana na ramani. Watu waliuawa na kuhamishwa kwa nguvu ya waraka.

Ukiusoma hivyo, mstari wa Zarina si mchoro usio na maneno. Ni mwandiko uliofikia kikomo, barua ambayo herufi zake zote zimekunjwa katika mpinduko mmoja. Letters from Home, iliyokuja miaka mitatu baadaye, inaweza kutazamwa kama kazi inayoyafungua tena yale yaliyokunjwa: mstari unarudi kuwa barua, na barua inamrudia mtu mwenye jina.

7.0 Pingamizi

Uhakiki huu hauna budi kuzikabili hoja tatu zinazoweza kutolewa dhidi ya kazi yenyewe.

Ya kwanza ni kwamba mtazamaji asiyeijua ramani ya Asia Kusini ataona mto, ufa wa ukuta au mshipa. Hilo ni kweli, na jina la kazi halitaji nchi yoyote. Lakini hoja ya ubao na karatasi iliyotolewa hapo juu haihitaji ramani ili ionekane. Mtu asiyejua chochote kuhusu Punjab bado anaona kwamba jina linasema kugawa, kwamba eneo la pande zote mbili lina majeraha ya patasi, na kwamba karatasi haikukatwa. Ujuzi wa historia huipa hoja hiyo mahali na tarehe, hauiumbi.

Ya pili ni ya kihistoria, nayo ni nzito zaidi. Mstari unaoonekana ni wa magharibi peke yake. Mgawanyo wa Bengal, uliofanywa na Radcliffe huyo huyo, haumo. Aidha, mpaka wa magharibi haukuzaliwa siku moja. Sehemu ya Punjab ni ya mwaka 1947, sehemu ya kati ya Sindh na Rajasthan inafuata mipaka ya zamani ya majimbo, na sehemu ya Kutch iliamuliwa na baraza la kimataifa mwaka 1968. Mstari mmoja mzito wenye unene wa namna moja unazifunika tofauti hizo na kuufanya mpaka uonekane kama tendo moja la mara moja. Huu ni upungufu wa kweli. Unaweza kuelezwa kwa kusema kwamba kazi inafuata mpaka unavyokaa katika kumbukumbu ya mtu na si katika kumbukumbu za serikali, lakini maelezo hayo hayauondoi. Mtafiti anayeitumia chapa hii kama ushahidi wa historia ya mpaka atapotoka. Anayeitumia kama ushahidi wa jinsi mpaka unavyokumbukwa yuko mahali salama.

Ya tatu inahusu uzuri. Karatasi ya mkono inapendeza macho, toleo ni la nakala chache, na kazi za namna hii huishia kwa wakusanyaji na makumbusho. Je, mateso hayakugeuzwa kuwa pambo? Aamir Mufti, aliyeiandika kazi ya Zarina kuwa sanaa za kunyang'anywa, ameiweka katika mjadala wa watu waliopoteza makazi, na mtazamo huo unasaidia kulipima swali hili. Kazi ingekuwa pambo kama uzuri wake ungeyafuta majeraha. Katika Dividing Line majeraha ndiyo yanayoufanya uso wa karatasi uvutie. Hakuna njia ya kufurahia umbile la eneo lile bila kutazama alama za kuchimbwa kwake. Hata hivyo, pingamizi linabaki na nguvu pale kazi inapoonyeshwa nyuma ya kioo, mbali kiasi kwamba alama hizo ndogo hazionekani, na mstari unabaki peke yake kama nembo. Hapo anayeonyesha ndiye anayeipotosha.

8.0 Hitimisho

Mwaka 2003, katika mfululizo unaohusu miji iliyoharibiwa kwa vita na ghasia, Zarina aliionyesha New York kwa milia miwili ya wima. Mtazamaji aliyeishi baada ya Septemba 2001 hahitaji kuelezwa ni nini kile. Mfano huo, ukiwekwa kando ya Dividing Line, unaonyesha kwamba uchache wake ulitegemea mambo mawili kwa pamoja: umbo ambalo dunia imekwisha kulichora kwa nguvu, na ufundi unaoonyesha jinsi nguvu hiyo ilivyofanya kazi. Jambo la kwanza likikosa la pili, kazi inakuwa nembo. La pili likikosa la kwanza, inakuwa zoezi la karakana.

Kwa uhakiki wa sanaa za kuona unaoandikwa kwa Kiswahili, kazi hii inatoa pendekezo la kimbinu. Maelezo ya ufundi yasiachwe katika mstari mmoja wa maelezo ya picha, yakitanguliwa na jina na kufuatwa na vipimo. Lugha yenyewe ina maneno ya kuchonga, kuchimbua, kubakiza na kunakshi, na ina hati, neno linalounganisha mkono unaoandika na mamlaka inayoamuru. Mhakiki anayeanzia katika maneno hayo ataona kwamba mstari mweusi wa Zarina haukuchorwa. Ulibakizwa, na vipande vya ubao vilivyoanguka sakafuni wakati wa kuuchonga ni sehemu ya maana yake kama vile wino ulivyo.